Swila wa Maji na Milango ya Neva

Sumu ya swila wa maji wa Ziwa Tanganyika ni protini, na sehemu yake inayoua ina kazi moja: kukaa kwenye mlango wa seli na kuuzuia usifunguke. Mlango wenyewe nao ni protini. Samaki aliyeumwa kati ya mawe ya Rumonge hachomeki wala haozi, na damu yake haimwagiki. Mapezi yapo, misuli ipo, neva zipo na zinaendelea kutoa amri. Amri haifiki. Baada ya muda mfupi samaki analala ubavu majini, na nyoka anamgeuza ammeze.

Ufuko wa Burundi, kutoka Bujumbura kushuka Magara, Rumonge hadi Nyanza-Lac, una mahali pa mchanga na mahali pa mawe. Swila wa maji hupenda mawe, kwa kuwa kwenye nyufa zake hujificha na kwenye nyufa zake hupata chakula. Aliyekomaa huweza kupita mita 2. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo, na shingoni ana mikanda myeusi michache, tofauti na nduguye wa mito ya Kongo aliyefungwa mikanda mwili mzima. Chakula chake hasa ni samaki. Hupiga mbizi akakaa chini dakika kadhaa, na amewahi kuonekana kwenye kina cha mita 25 hivi. Hana haja na binadamu, na akimwona mtu anaogelea kwa kawaida hujiendea zake. Hatari huja pale mvuvi anapovuta wavu uliotegwa karibu na mawe kabla hakujapambazuka, anapapasa kumchomoa samaki aitwaye kuhe aliyenasa, na vidole vinakutana na kitu kinene kuliko kamba, kilaini, kinachojikunja.

Wataalamu humwita Naja annulata stormsi. Jina hilo la mwisho lilitolewa Ubelgiji mwaka 1886 na Louis Dollo, kwa heshima ya Émile Storms, ofisa aliyeanzisha kituo cha Mpala ng'ambo ya ziwa mwaka 1883. Storms ndiye ambaye watu wake walimuua mtemi Lusinga mwaka 1884, na fuvu la mtemi huyo likasafirishwa Ulaya. Nyoka hakuulizwa kama analitaka jina hilo.

Mahali sumu inaposhika hapaeleweki bila kujua neva inapitishaje habari. Seli ya neva imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta. Ndani na nje ya utando huo mna maji yenye chumvi, na chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Nje kuna sodiamu nyingi. Ndani kuna potasiamu nyingi. Seli ikiwa imetulia, upande wa ndani huwa hasi kuliko nje kwa milivolti 70 hivi. Ayoni haiwezi kupenya mafuta, kama vile maji yasivyoingiliana na mawese hata yakikorogwa namna gani. Njia yake ni moja tu: chaneli, yaani protini kubwa iliyosimama kwenye utando, yenye tundu katikati na mlango unaofunguka na kufunga.

Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley, Waingereza wawili waliofanya kazi kwa neva nene za ngisi, walieleza kwa hesabu jinsi milango hiyo inavyopokezana. Kwanza hufunguka ile ya sodiamu, na sodiamu inaingia kwa kishindo, ndani panageuka kuwa chanya. Mara ile ya sodiamu inafunga, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka na seli inarudi ilivyokuwa. Yote hayo huchukua kama milisekunde 1 au 2. Hodgkin na Huxley hawakuwa wameiona chaneli hata moja. Walipima mkondo wa umeme wakakisia milango. Umbo la chaneli ya potasiamu, atomu kwa atomu, lilionekana mwaka 1998 katika maabara ya Roderick MacKinnon nchini Marekani, na lilithibitisha kwamba tundu lipo kweli na kwamba linachagua linachopitisha.

Mshtuko huo wa umeme hukimbia hadi mwisho wa neva, unapogusana na msuli. Hapo umeme hauruki. Milango ya kalisi inafunguka, kalisi inaingia, na vifuko vidogo vinapasuka na kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye mwanya mwembamba ulio kati ya neva na msuli. Ng'ambo ya mwanya zimesongamana chaneli za aina nyingine, ambazo hazisikilizi umeme bali husubiri asetilikolini. Kila moja imeundwa kwa vipande vitano vya protini vilivyosimama duara kama mapipa yaliyozunguka kisima. Molekuli mbili za asetilikolini zikikaa mahali pake, mlango unafunguka, sodiamu inaingia, msuli unajikunja. Kisha kimeng'enya kilicho palepale huivunja asetilikolini, na mwanya unakuwa safi kwa amri nyingine. Kiwambo kinachovuta pumzi hufanya kazi kwa utaratibu huo huo, usiku na mchana.

Protini ya swila hukaa kwenye chaneli hiyo inayosubiri asetilikolini, ambayo huitwa pia kipokezi. Katika jamii nzima ya swila, sumu za aina hii ni ndogo mno: asidi amino 60 hadi 70 na ushei, zilizokunjwa zikabanwa na mafundo manne au matano ya salfa. Umbo lake ni vidole vitatu vilivyonyooshwa kutoka kiganja kimoja. Kidole cha kati huingia kwenye mwanya wa kipokezi, mahali palipokusudiwa asetilikolini, na kukaa. Kwa uzito, sumu hiyo ni kama sehemu ya 40 ya chaneli inayoizuia. Kufungua mlango kunahitaji asetilikolini mbili, ilhali kuuzuia kunahitaji sumu moja tu. Kiti kimoja kikikaliwa, cha pili hakina faida.

Hesabu ya mwili inaficha hatari hiyo kwa muda. Msuli una vipokezi vingi kuliko unavyohitaji, kiasi kwamba zaidi ya robo tatu huweza kuzibwa kabla amri haijaanza kushindwa. Ndiyo maana aliyeumwa na nyoka wa kundi hili huweza kukaa anazungumza, jeraha halijavimba sana, na waliomzunguka wakaona mambo si mabaya. Halafu kope zinaanza kushuka. Macho yanaona mtu mmoja akawa wawili. Ulimi unakuwa mzito, mate yanashindwa kumezwa, shingo inashindwa kubeba kichwa. Kifua huja baadaye, na kifua ndicho kinachoua.

Sumu hiyohiyo iliwapa wanasayansi kipokezi mkononi. Kabla ya miaka ya 1960 watu walizungumza juu ya vipokezi kama vitu vya kufikirika. Hakuna aliyekuwa amekichomoa hata kimoja kutoka kwenye seli. Kilichohitajika ni ndoana, kitu kinachoshika kipokezi na hakiachii, nacho kikapatikana kwa nyoka. Huko Taiwan, Chang na Lee waliitenga mwaka 1963 sumu ya nyoka wa Asia aitwaye Bungarus multicinctus. Mwaka 1966 Evert Karlsson na wenzake wa Uppsala, Uswidi, waliisafisha sumu ya Naja nigricollis, yule swila mtema mate anayejulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ina asidi amino 61. Kilichobaki ni kupata mahali penye vipokezi vingi. Walivipata kwa samaki wa umeme, hasa taa wa baharini, ambaye kiungo chake cha umeme ni msuli uliosahau kujikunja na umejaa vipokezi vya asetilikolini. Kiungo kikasagwa, sumu ikatiwa, na kilichoshikwa na sumu kikavutwa nje. Mwaka 1970 kundi la Jean-Pierre Changeux huko Paris lilitumia njia ya namna hiyo, na kipokezi kikawa protini ya kweli, ya kupimwa na kuchorwa.

Ziwa Tanganyika nalo lina samaki wake wa umeme, kambare aliyepewa jina la Malapterurus tanganyikaensis mwaka 2000. Jamaa zake wa mito mikubwa ya Afrika wamepimwa wakatoa hadi volti 350. Kiungo chao cha umeme kimezunguka mwili kama koti chini ya ngozi, na kila upande unaamrishwa na seli moja tu kubwa ya neva iliyoko kwenye uti wa mgongo. Seli moja ikitoa amri, maelfu ya milango yanafunguka kwa pamoja, na aliyeshika wavu uliolowa anaupata mshtuko hadi kiwikoni. Milango anayoitumia kambare kutoa mshtuko ni ya ukoo uleule anaouziba swila.

Juu ya mawe, Rumonge ni nchi ya michikichi. Kwenye miti ya ukanda huu wa maziwa huishi nyoka mwingine, mamba wa kijani aitwaye Dendroaspis jamesoni. Tawi lake la mashariki, kaimosae, lilielezwa na Arthur Loveridge mwaka 1936 na limeitwa hivyo kwa ajili ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Mamba huyu si yule wa mtoni. Ni nyoka mwembamba wa matawini, na anayepanda kukata mkungu wa chikichi humkuta kwenye mti, uso kwa uso. Sumu ya mamba ina vidole vitatu kama ya swila, lakini ina kitu cha ziada ambacho swila hana.

Kitu hicho kiliitwa dendrotoksini. Alan Harvey wa Glasgow na yuleyule Karlsson wa Uppsala walikieleza mwaka 1980, wakikitoa kwa mamba wa kijani wa pwani, Dendroaspis angusticeps, anayeishi kwenye miembe na minazi kutoka Kenya hadi Msumbiji. Kina asidi amino 59. Badala ya kuziba mlango wa asetilikolini, hukaa juu ya tundu la aina fulani za chaneli za potasiamu, zile zinazoirudisha neva kwenye utulivu baada ya kila mshtuko. Potasiamu ikishindwa kutoka, neva haitulii. Inarudia amri mara nyingi kuliko ilivyotakiwa, na mwisho wake unamwaga asetilikolini kupita kiasi. Sumu nyingine ya mamba, fasikulini, inakishika kile kimeng'enya cha kuvunja asetilikolini. Kwa hiyo ya kwanza inafungulia bomba na ya pili inaziba mfereji wa kutolea maji. Aliyeumwa hutetemeka misuli chini ya ngozi, hutoka jasho na mate, midomo inawasha, kabla ya kulegea. Kwa koboko, mamba mweusi, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jamii ya dendrotoksini ni kama asilimia 61 ya protini za sumu yake.

Koboko huyohuyo ana protini ya ajabu zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walitangaza mambalgini, yenye asidi amino 57, inayofunga chaneli zinazohisi asidi kwenye neva za maumivu. Panya waliopewa walipungukiwa na maumivu kwa kiasi cha kulinganishwa na mofini, bila pumzi kudhoofika kama mofini inavyofanya. Nyoka anazima maumivu ya windo lake kwa faida gani, hilo ni fumbo lenye utamu wake.

Ukiyatazama maumbo ya protini hizi, jambo moja linajitokeza: nyoka hakubuni kitu. Dendrotoksini imekunjwa sawasawa na protini zilizomo mwilini mwa ng'ombe na wanyama wengine, ambazo kazi yake ni kuzuia vimeng'enya vinavyokata protini. Umbo la vidole vitatu nalo si la nyoka peke yake. Mwaka 1999 Julie Miwa na wenzake huko New York waliieleza protini ya ubongo iitwayo lynx1. Ina vidole vitatu. Imefungwa kwenye utando wa seli za neva, jirani na vipokezi vya asetilikolini, na inavipunguzia ukali. Mwaka 2010 ilionekana kwamba panya waliokomaa wasio na lynx1 wanaendelea kuwa na ubongo unaobadilika kwa urahisi kama wa panya wachanga, angalau katika sehemu ya kuona. Protini hiyo ni breki, na sumu ya swila ni ya ukoo mmoja na breki hiyo, ila imekatwa kamba na kuachiliwa ndani ya damu.

Chaneli, kwa kweli, haiishi peke yake kamwe. Picha ya mlango mmoja kwenye ukuta mtupu ni ya kufundishia watoto. Chini ya chaneli za sodiamu kuna protini iitwayo ankirini, inayozitia nanga mahali mshtuko unapoanzia; isipokuwepo, zinatawanyika. Kwenye msuli, rapsini hukusanya vipokezi vya asetilikolini pamoja hadi vikafikia kama 10,000 katika eneo la maikromita moja ya mraba. Kalmodulini hukaa na chaneli za kalisi ikipima kalisi iliyoingia, na ikitosha inaamuru mlango ufungwe. Wasaidizi hawa hawapitishi ayoni hata moja, lakini kasoro katika mmoja wao humlegeza mtoto au kumtia kifafa sawa na kasoro ya chaneli yenyewe.

Baadhi ya wasaidizi hao waligunduliwa kwa mkono wa mamba. Watafiti walipoitumia dendrotoksini kuvuta chaneli za potasiamu kutoka kwenye ubongo wa ng'ombe, chaneli haikutoka peke yake. Ilikuja imeshikana na protini ndogo zaidi kwa upande wa ndani. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba baadhi ya protini hizo, zilizoitwa beta, zinaifanya chaneli ijifunge upesi baada ya kufunguka; aina mojawapo ina mkia unaoingia kwenye tundu kutokea ndani kama kizibo cha chupa.

Kisha njia hiyo ikaingia hospitalini, na ikaleta kosa lililodumu miaka. Kuna wagonjwa ambao kingamwili zao hushambulia ubongo wao wenyewe: kumbukumbu inapotea, kifafa kinaanza ghafla, tabia inabadilika. Maabara ziliwapima kwa kutia alama ya mionzi kwenye dendrotoksini, kuiacha ishike chaneli, kisha kutazama kama kingamwili za mgonjwa zinaukamata mzigo huo. Zilipoukamata, ikaandikwa kwamba mgonjwa ana kingamwili za chaneli za potasiamu. Mwaka 2010 ikadhihirika kwamba wengi wao hawakuwa nazo. Kingamwili zao zilishika LGI1 au CASPR2, protini mbili zilizoambatana na chaneli, ambazo zilivutwa pamoja nayo kama ndagala anavyoondoka na mwenzake aliyenasa kwenye tundu moja la wavu. Ndoana ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kila kilichopanda kimeuma ndoana.

Wanyama wengine wamejibu kwa kubadili kufuli. Nguchiro, anayesifiwa kwa kupigana na nyoka, hana dawa mdomoni wala majani anayotafuna. Utafiti uliotoka Israeli mwaka 1992 ulionyesha kwamba kipokezi chake cha asetilikolini kimebadilika mahali pale sumu inapokaa, na kimening'iniza mnyororo wa sukari unaokizuia kidole cha nyoka kuingia. Asetilikolini, kwa kuwa ni ndogo, inapita. Swila mwenyewe ana kinga ya namna hiyo, la sivyo angejiua kwa sumu yake. Nyegere, kalunguyeye na nguruwe wameifikia shabaha hiyo kwa njia tofauti: wameweka asidi amino yenye chaji chanya mahali palepale, na sumu, ambayo nayo ni chanya, inasukumwa nje. Binadamu hana badiliko hilo.

Kwake kuna huduma, na mpangilio wa protini ndio unaoamua ipi inafaa. Jiwe jeusi, lile la mfupa uliochomwa linalobandikwa kwenye jeraha sehemu nyingi za Burundi na Kongo, halivuti sumu. Hakuna kipimo kilichoonyesha kwamba linavuta. Kukata na kunyonya huongeza jeraha. Kamba iliyokazwa hukatisha damu ya mguu. Kumlaza mgonjwa bila kumtembeza na kukifunga kiungo kwenye kijiti kisitikisike husaidia zaidi, kwa sababu protini hizi husafiri taratibu kwa njia ya limfu, na msuli unaotembea ndio unaozisukuma. Seramu dhidi ya sumu hushika protini ambazo bado zinazunguka. Zilizokwisha kaa kwenye kipokezi ni vigumu kuzing'oa, na mgonjwa husubiri hadi ziachie zenyewe.

Kwa swila kuna dawa ya bei nafuu inayoitwa neostigmini, ambayo hutolewa pamoja na atropini. Huzuia kimeng'enya kisivunje asetilikolini, na asetilikolini ikijaa hushindana na sumu kugombea kiti. Kope hupanda, wakati mwingine ndani ya nusu saa. Kwa mamba mantiki hiyo inageuka: tayari asetilikolini imefurika, tayari kimeng'enya kimeshikwa na fasikulini, na kuongeza neostigmini ni kumwaga maji kwenye nyumba iliyofurika. Ndiyo maana swali la kama mtu aliumwa kwenye wavu au juu ya mchikichi si la kujaza fomu. Shirika la Afya Duniani, lililoirudisha sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani kote, na vingi vya wale walioumwa na nyoka wenye sumu ya neva ni vya kukosa pumzi tu. Pale pasipo na mashine, mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono hutosha, ndugu wakipokezana kuuminya saa baada ya saa.

Katika saa hizo mgonjwa hafungui macho, hajibu, hashiki mkono unaomshika. Lakini anasikia. Sumu ya vidole vitatu ni kubwa mno kupita kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, na ndani ya ubongo vipokezi vinaendelea na kazi yao, vikipunguzwa na kuongezwa na lynx1, ndugu yake wa umbo lilelile aliyeko ndani ya ua. Kila kinachosemwa kando ya kitanda, pamoja na mazungumzo ya jeneza, kinamfikia.